Madame Livingstone: mchoraji wa Kisangani na hadithi ya mtu aliyedai jina la baba

Hapa Kabondo, ukiingia kwenye parseli ambako hawakujui, mara nyingi swali la kwanza ni moja: «Weye, uko mutoto ya nani?» Jina lako linaweza kungoja. Wanataka kwanza kujua baba, mama, ukoo na kijiji ambako wazazi wako walitokea. Ukijibu vizuri, unapewa kiti. Ukibabaika, watu wanaanza kuangaliana.

Kuko kitabu kimoja kinachobeba swali hilo, na aliyekichora alizaliwa hapa hapa mjini. Kinaitwa «Madame Livingstone». Ni hadithi ya vita, ya upelelezi na ya siri, na inamhusu mtu ambaye hakuna anayejua kama anasema ukweli juu ya baba yake. Wasikilizaji wengi, zaidi vijana wa shule, walisikia jina la mchoraji lakini kitabu hawajakishika mkononi. Ndiyo maana tunaandika ukurasa huu: kueleza kitabu ni kipi, historia gani iko nyuma yake, na kwa nini swali lake linatugusa sisi watu wa mashariki.

Kwa kifupi

Jina la kitabu: Madame Livingstone.
Aina: hadithi ya picha, ile tunayoita bede.
Mchoraji: Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani.
Mwandishi wa hadithi: Christophe Cassiau-Haurie, Mfaransa aliyeandika pia vitabu juu ya historia ya bede za Kongo na Afrika.
Mchapishaji: Glénat, Ufaransa, mwaka 2014.
Lugha: Kifaransa. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kiingereza.
Kinamfaa nani: kijana wa sekondari anayesoma Kifaransa bila shida, na mtu mzima yeyote.

Mchoraji ni nani

Barly Baruti alizaliwa mwaka 1959. Wakati huo mji wetu ulikuwa ukiitwa bado Stanleyville, na ulibaki mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Miaka ya 1980 alianza kujulikana kwa bede zake, nyingine za kufundisha watu kutunza mazingira, nyingine za kuchekesha. Halafu alikwenda kufanya kazi Ulaya. Pamoja na mwandishi Mfaransa Frank Giroud alichora mifululizo miwili iliyomfanya ajulikane huko: «Eva K.» na «Mandrill». Hakuna Wakongo wengi waliochapishwa na nyumba kubwa za bede za Ulaya kama yeye. Ni mwanamuziki pia.

Mtu angeweza kufikiri kwamba msanii aliyefika huko angeacha habari za kwetu. Kwa «Madame Livingstone» Baruti alirudi mashariki ya Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika, na kwenye vita ambavyo wazee wa wazee wetu walivibeba mabegani.

Hadithi yenyewe

Tuko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Rubani mmoja Mbeleji, jina lake Gaston Mercier, anatumwa Tanganyika. Kazi yake ni kutafuta meli kubwa ya kivita ya Wajerumani na kuizamisha. Lakini ziwa ni refu, lina zaidi ya kilometa 600, na mgeni hajui meli inajificha kwenye ghuba gani. Anahitaji mtu wa kumwonyesha njia.

Anayepewa ni mtu wa ajabu. Ni metisi, damu ya mzungu na damu ya mwafrika. Anavaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Scotland. Ndiyo sababu walimwita kwa dharau «Madame Livingstone». Jina la Livingstone liliingia kwa sababu yeye mwenyewe anasema: baba yangu ni David Livingstone, yule mzungu mpelelezi aliyejulikana dunia nzima.

Hapo ndipo hadithi inakushika. Je, ni kweli? Ni mwongo? Ni kichaa? Ni mtu mwenye akili anayetumia jina kubwa ili wazungu wasimpige fimbo kama wengine? Kwa nje Mercier anatafuta meli, lakini kila siku anaishi pembeni ya fumbo lingine. Mwanzoni anamwona kama kituko. Polepole anagundua kwamba mtu huyu amesoma, anajua nchi, na anaona mambo ambayo wakubwa wa kikoloni hawataki yasemwe. Kadiri vita inavyozidi kuwa kali, rubani anaanza kuona ukoloni kwa macho ya mtu anayetembea naye.

Mwisho hatuutoi hapa. Tunamwachia msomaji.

Je, hesabu inawezekana?

Tulichukua kalamu tukapiga hesabu. David Livingstone alikuwa Maniema kati ya mwaka 1869 na 1871. Alikaa muda mrefu akiwa mgonjwa huko Bambarre, mahali tunapopaita leo Kabambare. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, na tarehe 15 Julai mwaka huo aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakifyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Baada ya hapo alirudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta mwishoni mwa mwaka. Alikufa mwezi wa tano 1873, katika nchi inayoitwa sasa Zambia.

Mtoto aliyezaliwa Maniema miaka hiyo angekuwa na umri wa kama miaka 45 wakati Vita vya Kwanza vinafika Tanganyika. Kwa hiyo hesabu haikatai. Lakini hesabu kutokukataa si ushahidi. Watoto wa Livingstone wanaojulikana katika vitabu vya historia ni wale aliozaa na mke wake Mary Moffat. Yule wa kilti ni mtu wa kitabu, aliyetungwa.

Mtoto wa kweli aliyelificha jina

Historia ya familia hiyo ina jambo linalofanya kitabu kiwe kizito zaidi. Livingstone alikuwa na mtoto wa kwanza, Robert. Baba alitumia miaka mingi njiani Afrika, na mtoto alikua mbali naye, uhusiano wao ukaharibika. Robert alifika Marekani wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, akaingia jeshi la Kaskazini. Hakuandikishwa kama Livingstone. Alijiita Rupert Vincent. Alimwandikia baba yake kwamba alibadili jina ili asilitie aibu lile la familia. Alikamatwa na jeshi la Kusini na akafa mfungwa mwaka 1864, huko North Carolina, kabla ya kufikisha miaka 20.

Mtazame sasa hao wawili. Mtoto wa kweli, mwenye haki zote na karatasi zote, alilificha jina la baba na akafa na jina la uongo. Metisi wa kitabuni, ambaye hana karatasi hata moja, analing'ang'ania jina lile lile mbele ya watu wanaomcheka. Kwa mmoja jina lilikuwa mzigo, kwa mwingine lilikuwa mlango.

Meli nayo ilibadili jina

Vita inayosimuliwa si ya kutunga. Meli ya Wajerumani iliitwa Graf von Götzen. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yanayokadiriwa 5 000, na kuunganishwa tena Kigoma. Iliingia majini mwezi wa pili 1915. Kwa meli hiyo Wajerumani walitawala ziwa.

Wabeleji walikuwa ng'ambo ya pili, Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Tangu mwezi wa nane 1914 meli yao ndogo, Alexandre Delcommune, ilishambuliwa na kuharibiwa. Waingereza walileta boti mbili za mwendo kasi, Mimi na Toutou, zikavutwa juu ya milima ya Katanga kwa nguvu ya mashini, ya ng'ombe na ya watu. Mkubwa wao, Spicer-Simson, alikuwa na tabia ya kuvaa sketi ya kaki mbele ya askari wake. Kwa hiyo msomaji asifikiri kwamba mwanaume mwenye sketi vitani Tanganyika ni jambo lisilowezekana: alikuwako mmoja, na alikuwa ofisa mzungu. Yule aliitwa komanda. Metisi wa kitabuni, kwa vazi la namna hiyo hiyo, aliitwa madame.

Wabeleji nao walileta avioni nne zinazotua juu ya maji. Mwezi wa sita 1916 zilitupa mabomu Kigoma. Ni hapo Baruti na mwenzake walipata nafasi ya kumweka rubani wao Mercier.

Meli Götzen haikuishia kwa mabomu. Mwezi wa saba 1916, Wajerumani walipoona wanapoteza Kigoma, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walipaka mashini grisi nyingi kwanza, wakitumaini kwamba siku moja itatolewa. Baada ya vita ilitolewa kweli, na mwaka 1927 ikarudi majini chini ya Waingereza na jina jipya: Liemba. Jina hilo Livingstone mwenyewe alikuwa amelisikia kwa wakaaji wa kusini ya ziwa na kuliandika. Hivyo meli iliyowindwa ilijificha chini ya maji, ikatoka na jina lingine, na kwa miaka mingi watu wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura waliijua kama meli ya abiria tu. Wengi waliopanda hawakujua kwamba wamepanda meli ya vita.

Wale ambao majina yao hayakuandikwa

Kitabu kinaonyesha pia watu waliobeba vita hiyo. Upande wa koloni ya Wabeleji, wapagazi walihesabiwa kwa laki. Walibeba risasi, chakula, wagonjwa, hata vipande vya bunduki kubwa, hadi askari wa Force Publique walipoingia Tabora mwezi wa tisa 1916. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na makaburi yao hayajulikani.

Kisangani haikuwa mbali na jambo hilo. Njia ya kawaida ya mzigo kutoka bahari kwenda Tanganyika ilikuwa kupanda mto hadi Stanleyville, kushusha, kuingia garimoshi hadi Ponthierville, ambayo ni Ubundu ya leo, halafu mto tena, halafu reli tena. Ukisimama leo ng'ambo ya Lubunga karibu na stesheni ya zamani, uko kwenye barabara ya vita hiyo. Hakuna kibao kinachosema.

Swali ambalo halikubaki kitabuni

Kwa nini kumfanya shujaa kuwa metisi? Kwa sababu ukoloni uliwaogopa wametisi. Utawala wa Wabeleji ulijengwa juu ya mstari: mzungu huku, mweusi kule. Mtoto wa damu mbili alikuwa ushahidi unaotembea kwamba mstari huo unavukwa kila siku, usiku.

Serikali ya koloni ilitafuta dawa yake. Watoto wa baba mzungu na mama mweusi waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa kwenye misioni za mapadiri na masista, mbali na kijiji. Wengine waliandikwa kama watoto wa baba asiyejulikana, hata pale ambapo kijiji kizima kilimjua baba. Wengine walibadilishwa majina. Kuko waliopelekwa Save, nchini Rwanda, na kuko waliopelekwa Katende, Kasai. Wakati uhuru unakaribia, baadhi walisafirishwa hadi Ubeleji na kugawanywa kwa familia za huko. Wengine waliachwa nyuma bila mlinzi.

Miaka ilipita, watoto wakawa wazee, lakini swali likabaki. Mwaka 2018 bunge la Ubeleji lilipitisha azimio juu ya jambo hilo. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa niaba ya serikali. Kisha wanawake watano waliochukuliwa wakiwa watoto wadogo, kati ya mwaka 1948 na 1953, na kupelekwa Katende, wakaishtaki serikali ya Ubeleji. Mwaka 2021 walishindwa. Hawakuchoka. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki: ilisema kwamba kuwachukua kulikuwa kosa juu ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50 000.

Mama mwenye zaidi ya miaka 70 anakwenda mbele ya hakimu na kusema: mlinichukua, mlinificha kwa mama yangu, rudisheni jina langu. Msomaji aliyefika hapo anamrudia yule mtu wa kilti na kumtazama kwa njia nyingine. Mwanzoni ulimcheka pamoja na maofisa. Sasa unajiuliza: kama angekuwa na karatasi, nani angemcheka? Na kama karatasi ilichomwa au haikuandikwa kamwe, ni kosa la nani?

Na sisi, mji wa majina mawili

Jambo la jina lililofichwa halikuishia kwa wametisi. Mji wetu uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, ndipo jina Kisangani likachukua nafasi yake. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka 1972 watu waliambiwa waache majina ya ubatizo na wachukue ya wahenga. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kabondo anaweza kuwa na jina moja kwenye kitabu cha parokia, lingine kwenye diploma, lingine kwenye kadi ya uchaguzi, na bado watoto wa parseli wanamwita kwa la nne. Wote ni yeye.

Kuna pia majina ambayo watu waliyaficha kwa hofu. Mwaka 1964, wakati wa Simba, na tena mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita, jina la kabila au la baba liliweza kukuokoa au kukuua. Familia zilifundisha watoto majibu mengine ya lile swali: uko mutoto ya nani? Wengine walizoea jibu la uongo kiasi kwamba hawakurudi tena kwenye la kweli. Na leo, watoto wanaofika Kisangani wakikimbia vita bila akti ya kuzaliwa wako kwenye hatari ile ile. Mama akifa kabla ya kusimulia, hakuna atakayejua.

Kwa kijana anayetaka kusoma

Tusifiche ugumu. Kitabu kilichapishwa Ulaya, bei yake kule ni pesa ya chakula cha siku nyingi hapa, na si kila maktaba inacho. Wanaokipata, wakipitishe mkono kwa mkono. Picha zinasaidia: hata kama Kifaransa chako si cha nguvu, ziwa, milima, askari na uso wa yule mtu vinakuambia mengi.

Msomaji akikipenda, kuko vitabu vingine vinavyotembea njia hiyo. «Siku Njema» cha Ken Walibora wa Kenya, kilichotoka mwaka 1996, kimeandikwa kwa Kiswahili: kijana aliyekulia Tanga anafunga safari kumtafuta baba asiyemjua. «Petit pays» cha Gaël Faye, cha mwaka 2016, kinamrudisha mtu mzima kwenye utoto wake Bujumbura kabla na wakati wa vita, na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa walikipa tuzo yao ya Goncourt. Vyote viwili vinaonyesha kwamba si lazima uwe na mzimu au mwuaji ili msomaji akose usingizi. Inatosha mtoto ambaye hakuambiwa kila kitu.

Na ambaye hatapata kitabu chochote kati ya hivi, kuko kazi moja isiyodai franka. Kama nyumbani mwenu bado yuko koko au tate, chukua daftari ukae naye jioni moja. Mwulize majina yote aliyowahi kuitwa, nani alimpa kila moja, na lipi aliliacha na kwa sababu gani. Andika na tarehe. Akinyamaza kwenye jina fulani, usimsukume. Acha mstari mtupu kwenye daftari, urudi siku nyingine.